Kumfikisha Mtoto Mdogo kwenye Sanamu za Kale za Afrika kwa Simu na Kishikwambi

Sanamu ni kitu chenye kisogo. Aliyeifinyanga au kuichonga alikuwa akiizunguka, akiigeuza mikononi, akiitazama kwa nyuma ili aone kama imekaa sawa, ilhali mtoto anayekutana nayo kwenye simu huona uso tu, tena kwa muda mfupi kabla kidole chake hakijaipitisha. Hata hivyo, kwa watoto walio wengi simu ndiyo njia iliyopo ya kukiona kichwa cha Ife, mji wa kale wa Wayoruba nchini Nigeria, au ndege wa mawe wa Zimbabwe Kuu, kwa kuwa kazi za kale za bara hili zimetawanyika katika majumba ya makumbusho ya Lagos, Cape Town, London, Berlin, New York na kwingineko. Mwongozo huu ni wa wazazi, walezi na walimu wenye watoto wa miaka mitatu hadi minane, na unaeleza namna ya kuitumia simu au kishikwambi ili mtoto aifikie sanamu, aizunguke kwa macho, ajue ilikotoka na ilikuwa ya nani, kisha aiache simu na kuingiza mikono kwenye udongo.

Umri, muda na nani ashike simu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne unaweka ukomo wa saa 1 kwa siku, huku ukisisitiza kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi. Saa hiyo ni ya siku nzima, pamoja na katuni na nyimbo, kwa hiyo kipindi cha sanamu kinapaswa kuwa kifupi. Kwa uzoefu wangu, dakika 10 za kutazama zinamtosha mtoto wa miaka minne, na dakika 15 zinamtosha wa miaka saba. Si kwamba mtoto hawezi kukaa zaidi; anaweza, na hapo ndipo penye hatari. Kutazama ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili inamhitaji mtoto ambaye bado ana hamu.

Mtu mzima ndiye anayeshika simu, au anayeiegemeza mahali, naye akae ubavuni mwa mtoto. Watafiti wa makuzi ya watoto wameona mara kwa mara kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu hivi hujifunza kwa shida kutoka kwenye skrini jambo lile lile ambalo angelijifunza upesi kutoka kwa mtu aliye mbele yake. Anayeonyesha kwa kidole, anayekitaja kitu kwa jina na kusubiri jibu, ndiye anayeifanya picha iwe somo. Simu peke yake haiwezi kazi hiyo, hata programu iliyomo iwe imesifiwa namna gani. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka mitatu, ningeshauri simu isubiri kabisa: aanze na udongo, picha zitamkuta mbele ya safari.

Chagua sanamu moja tu

Kosa linalofanywa sana, nami nimelifanya, ni kumfungulia mtoto ukurasa wenye picha mia moja. Kidole kinakimbia, picha zinapita, na baada ya dakika tano mtoto ameona zote na hakumbuki hata moja. Chagua sanamu moja kwa kila kipindi, na usione haya kuirudia hiyo hiyo wiki inayofuata, kwa sababu watoto wadogo hupenda marudio kuliko tunavyoyapenda sisi.

Sanamu nzuri ya kuanzia ni ile yenye uso au umbo la mnyama, na yenye jambo dogo ambalo mtoto anaweza kuligundua mwenyewe bila kuambiwa. Vichwa vya Lydenburg vya Afrika Kusini vinafaa sana. Ni vichwa saba vya udongo uliochomwa, vya karne ya 6 hivi, na mvulana aliyekuwa akicheza shambani ndiye aliyeviona vipande vya kwanza mwaka 1957. Mtoto akisikia kwamba aliyevigundua alikuwa mtoto mwenzake, hutazama kwa jicho jingine kabisa. Kimoja kati ya hivyo saba kina pua iliyochomoza kama ya mnyama, na ni vyema umwache mtoto akitafute mwenyewe. Vyombo vya shaba vya Igbo-Ukwu, kusini mashariki mwa Nigeria, vinampa mtoto kazi nyingine. Vilianza kuonekana mwaka 1938 pale Isaiah Anozie alipokuwa akichimba shimo la kuhifadhia maji nyumbani kwake, na vinakadiriwa kuwa vya karne ya 9. Kimoja ni chungu kilichozungukwa na kamba, na kamba hiyo nayo ni ya shaba, imesokotwa na kufungwa mafundo kana kwamba ni ya katani. Kwenye vyombo vingine kuna wadudu wadogo wa shaba waliotua juu yake. Kuwatafuta wadudu hao kwa kukuza picha ni jambo ambalo kishikwambi hulifanya vizuri kuliko kabati la vioo, kwani mbele ya kabati mtoto hafiki hata nusu ya umbali huo. Kwa Afrika Mashariki kuna kichwa cha Luzira, cha udongo, kilichofukuliwa mwaka 1929 na wafungwa katika kilima cha gereza la Luzira, karibu na Kampala.

Unapotafuta mtandaoni, usiandike tu maneno “sanamu za Kiafrika”, kwa sababu yatakuletea mapambo ya kuuzwa na, siku hizi, picha nyingi zilizotungwa na akili mnemba za vinyago ambavyo havijawahi kuwepo. Andika jina la mahali: Nok, Ife, Igbo-Ukwu, Lydenburg. Kisha chunguza kama picha imeambatana na jina la jumba la makumbusho linaloitunza sanamu, namba yake ya usajili, kitu ilichotengenezewa na vipimo vyake. Picha isiyo na hata kimoja kati ya hivyo iache, hata ikiwa inavutia. Mtoto wa miaka mitano hana njia ya kujua kwamba uso aliouona haukufinyangwa na mtu yeyote, na ukishakaa kichwani mwake ni vigumu kuung'oa.

Picha za kuaminika zipo kwa wingi, na nyingi hazina malipo. Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu mwaka 2017 matumizi huru ya picha zaidi ya 375,000 za kazi ilizo nazo, na taasisi ya Smithsonian ya Washington ikafuata mwaka 2020 kwa picha milioni 2.8. Kwa kazi za Benin, ufalme wa kale uliokuwa katika Nigeria ya leo (si nchi ya Benin), kuna tovuti ya Digital Benin, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo imekusanya mahali pamoja taarifa za vitu zaidi ya 5,000 vilivyo katika taasisi 131 za nchi 20.

Pakua picha nne za sanamu uliyoichagua kabla hujamwita mtoto: ya mbele, ya ubavuni, ya kisogoni na moja ya karibu sana inayoonyesha sehemu ndogo. Picha ya kisogo ndiyo inayokosekana mara nyingi, na ikikosekana tafuta nakala ya pande tatu, ambayo huzunguka kwa kuburutwa na kidole. Nakala ya namna hiyo ya sanamu ya malkia Nefertiti, iliyofukuliwa Amarna nchini Misri tarehe 6 Desemba 1912 na ambayo sasa iko Berlin, iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2019, na mtoto anaweza kuizungusha mpaka aone jinsi taji refu la buluu linavyokaa kwa nyuma. Mwachie pia agundue kwamba jicho moja halina mboni. Ukishapakua, zima data na arifa. Ujumbe mmoja unaoshuka kutoka juu ya skrini, au video inayojifungua yenyewe baada ya nyingine, unatosha kuharibu kipindi kizima.

Kutazama pamoja: mfano wa kichwa cha Nok

Nieleze kwa kirefu namna ninavyofanya na sanamu moja, kwani hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Nok ni kijiji cha katikati ya Nigeria ambako wachimbaji wa bati walianza kukutana na sanamu za udongo uliochomwa mwaka 1928. Mwaka 1943 kichwa kimoja kilichotoka mgodini kilikuwa kimesimikwa shambani mwa viazi vikuu ili kiwatishe ndege, hadi kilipofikishwa kwa mwanaakiolojia Bernard Fagg, ambaye alikitambua kuwa ni kazi ya kale sana. Sanamu nyingi za Nok zina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Habari ya kichwa kilichotumwa kufukuza ndege ninaiweka akiba, wala siianzi nayo, kwa sababu mtoto akishasikia hadithi huacha kutazama na kuanza kusikiliza.

Kwa hiyo ninafungua picha ya mbele na kunyamaza. Dakika moja ya ukimya ni ndefu kwa mtu mzima kuliko kwa mtoto. Kisha ninauliza, “Unaona nini?” na jibu likija ninauliza tena, “Na nini kingine?” Maswali hayo mawili yanatosha. Sisahihishi chochote, hata akisema ni nyani au ni mtu anayelia. Majibu yakianza kuisha, ninaivuta picha kwa vidole viwili mpaka jicho moja lijae kioo chote. Jicho la sanamu ya Nok lina umbo la pembetatu, au nusu duara, na mboni yake haikuchorwa wala kubandikwa: ni tundu, lililotobolewa hadi ndani. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alilitazama tundu hilo kwa muda, akaniuliza kama mtu yule alichomwa. Nilimwambia kwamba sanamu ni tupu ndani kama mtungi, kwamba ilitiwa motoni ili iwe ngumu, na kwamba hewa ikipata moto ndani yake huhitaji mahali pa kutokea, la sivyo sanamu inaweza kupasuka. Akaanza kuhesabu matundu yote: macho, pua, masikio, mdomo. Alikuwa ameelewa kazi ya mfinyanzi kabla hajajua jina la Nok.

Baada ya kukuza sehemu yoyote, irudishe picha nzima. Mtoto akiachwa kwenye jicho bila kurudishwa kwenye uso hupoteza uhusiano wa sehemu na umbo zima, na uhusiano huo ndio unaoifanya sanamu iwe sanamu. Kisha pitia ubavu na kisogo, ukimwomba akisie kabla hujageuza: nywele zitakuwaje kwa nyuma? Vichwa vya Nok vina mitindo ya nywele iliyosukwa na kugawanywa kwa uangalifu mkubwa, na mtoto aliyezoea kuona watu wakisukwa ataitambua mara moja. Sasa ndipo mahali pa ile hadithi ya ndege na shamba.

Miaka 2,000 haina maana kwa mtoto mdogo, lakini kokoto zina maana. Ukikadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25, miaka 2,000 ni vizazi 80. Panga kokoto 80 mstari mmoja sakafuni, mwambie ya kwanza ni yeye, ya pili ni mama, ya tatu ni bibi, ya nne ni mama wa bibi, kisha mtembee pamoja mpaka mwisho wa mstari, mahali alipokuwa yule aliyefinyanga kichwa. Hakuna picha ya simu iliyowahi kufanya kazi hiyo vizuri kama mstari wa kokoto.

Rudisha ukubwa ambao simu imeuficha

Kwenye kioo vitu vyote vina ukubwa mmoja. Kinyago cha pembe ya ndovu cha malkia mama Idia wa Benin, kilichochongwa katika karne ya 16, kina urefu wa sentimita 24 hivi, na Sphinx ya Giza, sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, ina urefu wa mita 73 hivi kutoka makucha hadi mkia, lakini simuni vyote vinaenea kiganjani. Kwa hiyo kila unapoonyesha sanamu, soma vipimo vyake na uvitoe nje ya simu. Kwa kinyago cha Idia, kata kipande cha karatasi chenye urefu huo, mtoto akishike mbele ya uso wake. Kwa Sphinx, nendeni nje mkapime kwa hatua, na mtoto wa miaka minne atahesabu hatua nyingi mno kiasi cha kuhitaji msaada. Kazi hii haichukui hata dakika tano, nayo isirukwe.

Kitendawili badala ya mtihani

Sipendi kumuuliza mtoto maswali ya kupima kama amekumbuka. Hugeuza kipindi kuwa darasa la kukariri, naye huanza kutazama uso wako badala ya kutazama sanamu. Kitendawili hufanya kazi ile ile kwa furaha. “Kitendawili!” “Tega!” “Mimi ni ndege, lakini nina midomo ya mtu. Nina miguu, lakini vidole vyangu si vya ndege.” Jibu ni ndege wa Zimbabwe Kuu, na ili alipate mtoto lazima aivute picha, achunguze uso na miguu. Ndege hao walichongwa kwa jiwe laini la sabuni na kusimamishwa juu ya nguzo katika mji uliojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, na baadhi yao wana midomo ya mtu mahali pa kutarajiwa mdomo wa ndege, na vidole mahali pa kutarajiwa kucha. Mmoja wao yuko kwenye bendera ya Zimbabwe, ambayo unaweza kuifungua baadaye ili mtoto amtambue rafiki yake. Baada ya vitendawili vitatu au vinne, mwachie mtoto atege na wewe utegue. Vitendawili vyake vitakuwa vya ovyo mwanzoni, lakini vitakuonyesha alichokiona ambacho wewe hukukiona.

Mweleze sanamu ilikuwa ya nani, na kwa nini iko hapo ilipo

Mtoto atauliza, mapema kuliko unavyodhani, “Hii iko wapi?” Jibu kweli, kwa maneno machache. Vichwa vya shaba vya Ife, vilivyotengenezwa na Wayoruba kati ya karne ya 12 na ya 15 hivi, viligunduliwa kwa wingi mwaka 1938 wakati wa kuchimba msingi wa nyumba, na vingi viko Nigeria, lakini kimoja kiko British Museum. Sanamu za Ife zilikuwa nzuri kiasi kwamba mtafiti Mjerumani Leo Frobenius, aliyefika huko mwaka 1910, hakukubali kwamba ni kazi ya Waafrika, akazihusisha na Atlantis, kisiwa cha hadithi tu, na Wagiriki wa kale. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa hivyo: mtu mmoja aliona kazi nzuri sana, akakataa kuamini ni nani aliyeifanya, naye alikosea.

Kuhusu Benin, jibu lina uchungu, lakini halihitaji vitisho. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji, yakamwondoa Oba, yaani mfalme, katika kiti chake na kuchukua maelfu ya kazi za shaba na pembe. Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha kusema kwamba vilichukuliwa bila ruhusa ya wenyewe, kwamba wenyewe wanavidai, na kwamba vingine vimeanza kurudi: mwaka 2022 Ujerumani ilitia saini makubaliano ya kuipa Nigeria umiliki wa vitu zaidi ya 1,000, na mwaka huo huo Smithsonian ilikabidhi 29. Mwonyeshe pia kwamba kazi haikukoma. Katika mtaa wa Igun, mjini Benin, mafundi wa shaba wanaendelea kufanya kazi kwa njia ya mababu zao. Umbo hutengenezwa kwanza kwa nta, nta hufunikwa kwa udongo, hupashwa moto mpaka iyeyuke na kutoka, kisha shaba iliyoyeyuka humiminwa pale ilipokuwa nta. Video fupi ya kazi hiyo ni mojawapo ya chache ninazozikubali katika vipindi hivi, kwa sababu mwendo wenyewe ndio habari.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mzazi alizingatie kwa makini: si kila sanamu ilitengenezwa ili itazamwe na kila mtu. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni mbao zilizochongwa na kusimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, na kigango hakipaswi kuhamishwa pale kiliposimikwa. Vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, na vingine vimerudishwa, vikiwemo viwili vilivyotoka Marekani mwaka 2007. Mapiko ya Wamakonde, vinyago vyepesi vinavyovaliwa kichwani, ni vya ngoma za jando na unyago, na vina mwiko wake. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilirudishwa Tanzania mwaka 2010 kutoka Geneva. Vitu hivi si vya kale kama vya Nok, lakini ndivyo vinavyoweza kumfundisha mtoto adabu ya kutazama. Ninapomwonyesha mtoto picha ya kigango, humwambia kwanza kwamba huyu ni mzee wa watu, na tunamwangalia kama tunavyomwangalia mzee. Hatumtii miwani wala masharubu kwa programu za kuchezea picha. Watoto huelewa jambo hilo upesi sana, kwa kuwa tayari wanajua salamu za wakubwa hazifanani na za wenzao.

Udongo

Simu ikiwekwa chini, ianze kazi ya mikono papo hapo. Udongo wa mfinyanzi ndio bora. Tope la mfinyanzi lililochujwa mawe linafaa vilevile, mradi linashikana likiviringwa. Kipimo chake ni hiki: viringa kipande kiwe kama kidole, kikunje, na kikivunjika kiongeze maji kidogo na kukikanda tena.

Mwonyeshe mtoto kuviringa kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine mpaka zifanye kopo lililo tupu ndani, kisha azilainishe kwa kidole chenye maji ili maungio yapotee. Kutoka hapo anabandika pua, masikio na nywele, na kutoboa macho kwa kijiti. Mtoto wa miaka mitatu hataweza kujenga kopo, naye aachwe afinyange donge na kulitoboa. Usimwekee simu mbele aige picha. Kuiga huua ujasiri wa mkono, tena humfanya aone kazi yake ni mbaya, wakati umbo analolikumbuka kichwani litatoka kwa namna yake na litakuwa lake. Wewe pia finyanga, kando yake, bila kuigusa kazi yake.

Picha kumi na mbili

Hapa simu inarudi, safari hii mikononi mwa mtoto, na kwa kazi ambayo ni simu tu inayoweza kuifanya. Chukua sahani bapa, au duara la karatasi ngumu, utie alama 12 ukingoni kama za uso wa saa. Weka sanamu katikati. Egemeza simu juu ya vitabu ili isitikisike, lenzi ikiwa usawa wa uso wa sanamu, karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua kali, na uzime mwanga wa kamera, kwa kuwa hufuta vivuli na kuifanya sanamu ionekane bapa. Tandaza kitambaa cha rangi moja nyuma yake. Wewe unazungusha sahani alama moja kwa wakati, naye anabonyeza. Zikifika picha 12, mwache azipitishe kwa kidole haraka haraka, na sanamu itaanza kugeuka machoni pake.

Mara nyingi hapo ndipo mtoto huona kwamba uso wa sanamu yake una macho, pua, meno na nywele, na kisogo chake ni donge tupu. Mtoto niliyemwona akigundua hilo alinyamaza, akazirudia picha kuanzia ya kwanza, akasimama kwenye ya saba, akasema, “Huku hakuna mtu.” Hakukuwa na haja ya kumwambia chochote. Picha hizo zihifadhi kwa ajili ya nyumbani. Ukitaka kumtumia ndugu, hakikisha uso wa mtoto haumo na kwamba simu haibandiki taarifa za mahali picha ilipopigwa.

Kwa sababu hiyo usiiache sanamu ikauke kabla ya picha. Mtoto akimaliza kufinyanga na mmechoka, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu, juu yake mfuko wa plastiki, na itabaki laini hadi kesho yake, kwani atakapoona kisogo kilivyo atataka kukitengeneza, na udongo uliokauka hautampa nafasi. Akishakitengeneza, pigeni picha nyingine 12, kisha ndipo muiweke kivulini ikauke polepole, ikigeuzwa kila siku ili upande mmoja usitangulie mwingine na kuleta nyufa.